Sura ya Saba: Oili Ilikuwa Juu ya Nani?

Fundi aliweka sufuria kuukuu chini ya injini, akafungua boliti ya kumwagia oili, tukachuchumaa kusubiri. Kilichotoka hakikujaza kikombe cha chai. Kilikuwa cheusi na kizito, kikachuruzika kwa kusitasita, na kilipotulia kikaonyesha chembe ndogo zinazometameta juani. Fundi akachovya kidole cha shahada, akakisugua na gumba, akaninyooshea nione.

"Hizi zinazong'aa ni injini yako, mzee. Ilikuwa inatoka yenyewe kidogo kidogo."

Tulikuwa Nyakanazi, wilaya ya Biharamulo, mwezi wa nane, kiangazi kimekolea, na kila lori lililopita kuelekea Rusumo au Kabanga lilitutimulia vumbi la pembeni mwa lami. Pikipiki ilikuwa ya cc 125. Nilikuwa nimeinunua miezi kumi na minne nyuma, ikiwa imekwisha kutumika mwaka mmoja, nikamkabidhi mpwa wangu anayekaa Rulenge, wilayani Ngara. Ilinoki karibu na Nyakahura, abiria akiwa mgongoni na mkungu wa ndizi ukiwa mbele, ikapandishwa kwenye Fuso hadi hapo kwa fundi.

"Nani alikuwa anamwaga oili?" fundi akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mganga wa zahanati anavyouliza mtoto amekula nini jana.

Nilimtazama mpwa wangu. Mpwa akamtazama kijana aliyekuja naye, deiwaka wake, yaani yule anayeichukua pikipiki siku ambazo mwenyewe amechoka, anaumwa au ana msiba. Deiwaka akatazama malori.

Sura hii inahusu yale matazamano.

Mimi na mpwa wangu tulikuwa tumeandikiana, kwenye karatasi ya daftari, mbele ya mwenyekiti wa kitongoji. Karatasi ilikuwa na mambo manne. Hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki. Jumapili ni ya dereva. Pikipiki isilale nje. La nne ndilo niliona limekaa vizuri kuliko yote: "Matengenezo madogo madogo ni juu ya dereva, matengenezo makubwa ni juu ya mwenye chombo." Tangu siku ile ya Nyakanazi nimeuliza madereva na matajiri wao, Ngara mjini, Kabanga, Benaco, stendi ya Biharamulo, na karatasi nyingi nilizoonyeshwa zina sentensi hiyo au ndugu yake.

Inasikika kama haki yenyewe. Pancha alipe anayekanyaga misumari, injini alipe mwenye mali. Lakini itazame kwa jicho la kijana anayetafuta 10,000 yangu kabla hajaanza kutafuta ya kwake. Oili ikichoka, hilo ni dogo, anatoa mfukoni. Akiiacha mpaka ringi zikaisha na bloku ikachubuka, hilo ni kubwa, na kubwa ni la mjomba. Karatasi yangu ilikuwa inamlipa mtu ili asubiri.

Sisemi kwamba mpwa wangu alikaa chini akaipiga hesabu hiyo. Ilikuwa inajipiga yenyewe kila jioni. Siku imekuwa mbaya, amerudi na 16,000; toa hesabu, toa mafuta, toa chai na andazi la saa nne, kilichobaki hakinunui lita ya oili. Basi kesho. Na kesho kuna mnada, wateja ni wengi, nani atakwenda kusimama kwa fundi nusu saa?

Nami nilikuwa na uvivu wangu. Hela iliingia kwenye simu kila jioni, na hela inayoingia kwa simu ina namna ya kumpumbaza mtu akaamini kilichoko huko ni kizima. Katika miezi ile kumi na minne niliiona pikipiki kwa macho mara tatu, zote imeoshwa.

Halafu kulikuwa na kebo ya spidi. Ilikatika mwezi wa pili. Kebo ya spidi haizuii pikipiki kutembea, kwa hiyo haikuwa dogo wala kubwa, ikabaki inaning'inia. Namba za kilomita zikaganda pale pale, na kuanzia hapo oili ikawa inamwagwa kwa kumbukumbu. Sasa fikiria: kijana anayetembea kilomita 100 kwa siku, jambo la kawaida kabisa kwa anayeunganisha Rulenge na barabara kuu, anamaliza 600 kwa wiki, na mwezi ukiisha amepita 2,400. Kumbukumbu ya mtu aliyechoka inasema nilimwaga juzi tu.

Linganisha na Marekani, ambako mtu mwenye uwanja mkubwa hukata nyasi zake kwa mashine ya kukalia, kitrekta kidogo ambacho mara nyingi kina injini ya silinda moja. Kitabu chake kinamwambia amwage oili ya kwanza baada ya saa chache tu za kazi, na kuanzia hapo walau mara moja kila msimu. Wapo wanaokisahau kitabu kabatini na mashine ikafa, lakini hawana tatizo la karatasi: anayeketi juu ya mashine ndiye aliyeinunua. Huku kwetu nyasi tunazifyeka kwa mkono, na injini ya silinda moja tunaikuta chini ya bodaboda, ambako mara nyingi anayekaa juu yake ni mmoja na mwenye kadi ni mwingine.

Inafaa tuingie kidogo ndani ya injini, maana ugomvi wa kina mjomba na mpwa unaanzia humo. Injini kama ile haina rejeta. Inapozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya bloku, na inapozwa na oili. Kwenye gari la kawaida giaboksi ina oili yake ya peke yake. Kwenye pikipiki hizi, lita ile ile moja inalainisha pistoni, inaogesha gia, na klachi pleti zinaogelea humo humo. Ndiyo maana mafundi wanakataza kutia oili yoyote ya gari inayopatikana: nyingine ina utelezi uliozidi, klachi ikaanza kuteleza mlimani. Injini ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, pistoni inapanda na kushuka zaidi ya mara 80 katika sekunde moja, na kinachozuia chuma kisisuguane na chuma ni utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Oili yenyewe inachoka. Joto linaivunja, masizi yanaitia weusi, nyingine inaungua na kutoka kama moshi, na vumbi likiingia oili inageuka msasa.

Na vumbi lipo. Kati ya Juni na Agosti udongo mwekundu wa Ngara unakuwa unga. Mtu anatoka Rulenge ana nywele nyeusi anafika Ngara mjini ana nywele za rangi ya matofali. Kizuizi pekee kati ya unga huo na pistoni ni kichujio cha hewa, ambacho mafundi wanakiita eya klina. Kinakaa nyuma ya kifuniko cha pembeni, hakionekani, na kisichoonekana hakiombewi hela. Fundi alipokitoa kile changu alikigonga mara moja kwenye ukingo wa benchi, benchi likawa jekundu. Sponji ilikuwa na tundu la kupitisha kidole. Inaelekea kuna siku mtu aliifua kwa petroli na kuikamua kama nguo.

Kisha akanipa pistoni niishike. Nyepesi kuliko nilivyodhani, kama kikombe cha bati. Ubavu mmoja ulikuwa na mistari ya wima, mirefu, imepangika kama iliyochorwa kwa rula. "Pitisha ukucha," akasema. Nikapitisha. Ukucha ulikwama kwenye kila mstari.

Vilima navyo vina sehemu yao. Kupanda ni gia ya kwanza na mishikaki, yaani abiria zaidi ya mmoja mgongoni, upepo kidogo, joto jingi. Kushuka, vijana wanazima injini ili kuokoa mafuta, uzito wote unaangukia breki za ngoma, na ngoma ikishapata moto inashika kwa shida. Kwenye karatasi yangu shuu za breki zilikuwa matengenezo madogo. Hilo niligundua nikiwa nimeketi kwenye kigoda cha fundi, na ndilo lililoninyima usingizi usiku ule, zaidi ya injini.

Fundi wangu alijifunza kazi Benaco. Alikuwa kijana mdogo mwaka 1994, Aprili 28, pale wakimbizi wapatao 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda ndani ya muda wa siku moja hivi, na mashamba ya Ngara yakageuka mji wa maturubai. Mashirika ya misaada yakaja na magari, na magari yakaja na karakana. Yeye alianza kwa kuosha spana. Anachokumbuka kuliko yote ni daftari lililofungwa kwa kamba kwenye kila gari. Asubuhi dereva anapima oili, maji na upepo wa matairi, anaandika, anasaini. Fundi naye anasaini. "Dereva asiyesaini hapewi ufunguo, hata kama amembeba daktari." Mashirika yalipopungua, spana zilibaki Ngara na ujuzi ulibaki. Daftari liliondoka.

Nimesema bodaboda, lakini ningeweza kusema pawatila. Mwaka 2009 serikali ilipozindua Kilimo Kwanza, matrekta hayo madogo ya kushikwa mkono yalisambazwa karibu nchi nzima, mengi yakipitia vikundi vya wakulima. Ni mashine ngumu: dizeli ya silinda moja, inawashwa kwa hendeli, inachemsha maji yake juu kama birika na kuendelea na kazi. Moja niliiona Biharamulo chini ya mwembe, mikanda hakuna, tairi moja hakuna, kuku wametagia kwenye trela. Wanakikundi walikuwa kumi na wanne. Kila mmoja alikuwa na zamu ya kulima, hakuna aliyekuwa na zamu ya kumwaga oili. Pampu za visima vya vijiji zina habari hiyo hiyo, na ndiyo sababu Sheria Na. 5 ya 2019, iliyoanzisha RUWASA, wakala wa maji vijijini, ikahangaika na vyombo vya jamii vya kusimamia maji, vinavyotakiwa kukusanya fedha kabla pampu haijafa badala ya kupitisha kofia baada ya mazishi.

Kwa bodaboda sheria haiko kimya, ila hakuna anayeisoma. Sheria ya Mikataba tuliyonayo ilitungwa Tanganyika mwaka 1961, ikachukua nafasi ya ile ya Kihindi ya mwaka 1872, na ina sehemu nzima juu ya mali aliyokabidhiwa mtu mwingine. Aliyekabidhiwa anatakiwa aitunze kama mtu wa busara za kawaida anavyotunza mali yake. Hilo nililifurahia. Lakini inaendelea: anayekodisha chombo anawajibika kwa kasoro yake hata kama hakuijua. Nikakumbuka kwamba nilinunua pikipiki iliyotumika na sikufungua kifuniko cha pembeni hata siku moja. Lile tundu la kwenye sponji lilianza kwa nani? Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nayo haina muda na karatasi zetu za kitongojini. Chombo kibovu kikiwa barabarani ni kosa la anayekiendesha, na pia la anayeruhusu kiendeshwe.

Siku ile kwa fundi hakuna aliyetaja sheria yoyote. Simu iliita, alikuwa dada yangu, mama yake kijana. Shikamoo yake ilikuwa fupi.

"Kaka, nimesikia. Mtoto amekosa, sikatai. Ila nikuulize, ulimpa kazi au ulimpa deni?"

Nilianza kumweleza habari za ringi na bloku. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akaniuliza nimeshapokea shilingi ngapi. Nilipiga hesabu kimoyomoyo: siku 26 kwa mwezi, miezi 14, mara 10,000. Kwa karatasi ni 3,640,000. Ondoa siku za mvua, siku za msiba, siku alizoumwa, bado milioni tatu zilikuwa zimepita kwenye simu yangu. Kati ya hizo, iliyorudi kwenye pikipiki kutoka kwangu ilikuwa sifuri, kwa kuwa kubwa lilikuwa halijatokea.

Kuna wanaosema dawa ni mkataba kamili, ule ambao dereva analeta hela kwa mwaka au mwaka na nusu kisha kadi inaandikwa jina lake. Hapo kila kitu ni juu yake, na kwa kweli tofauti inaonekana. Kabanga, karibu na mpaka wa Burundi, nimewaona vijana wa mkataba wakisugua mapezi ya injini kwa mswaki, na wanasikiliza cheni kama mama anavyosikiliza pumzi za mtoto mwenye homa. Lakini mkataba una hesabu kubwa zaidi kwa siku, kwa hiyo wanakesha. Na injini ikinoki mwezi wa tisa, hela ya bloku haipo, anakimbilia mkopo wa kausha damu, akichelewa wiki mbili tajiri anachukua chombo chake pamoja na miezi tisa ya jasho. Fundi alilisema kwa kifupi huku akichambua gasketi: "Hesabu inaua pikipiki. Mkataba unaua dereva. Mimi nawapokea wote."

Nilimuuliza yeye angeandikaje. Alifuta mikono kwa tambara, akafikiri kidogo. Akasema kosa ni lile neno dogo na lile neno kubwa, maana kwa injini hakuna kubwa lisilokuwa dogo jana. Yeye angegawa kwa namna nyingine. Vitu vinavyoliwa na njia, kama pancha, taa, vioo, viwe vya dereva, kwa sababu yeye ndiye anayechagua njia. Vitu vinavyozuia kifo, yaani oili, kichujio, shuu za breki na cheni, viwe vya mwenye mali, na vilipwe kabla hesabu haijafika kwenye simu yake. "Usimpe dereva hela ya oili," akaongeza. "Na dereva asikuombe. Hesabu ya siku hiyo ije kwangu moja kwa moja."

Nina mashaka na jambo moja hapo, kwamba aliyegawa hivyo ni fundi na hela inaishia kwake. Lakini sijapata mgawo ulio bora, na watatu kati ya wenye pikipiki niliowasimulia baadaye wameuchukua.

Bloku mpya, pistoni, ringi na gasketi nililipa mimi, pamoja na ufundi. Mpwa wangu alitoa Jumapili zake za miezi miwili, jambo alilolipendekeza mwenyewe kabla mama yake hajapiga tena. Deiwaka hakulipa kitu. Hakuwa na karatasi na mtu yeyote. Alikuwa anampa mpwa wangu 12,000 kwa siku, mpwa wangu ananitumia 10,000, na siku hizo oili haikuwa juu ya mtu yeyote chini ya jua. Hilo nalo nililijua siku ile ile, wakati bloku inafungwa.

Karatasi mpya tuliiandika kwenye benchi la fundi, ikachafuka kidole gumba upande wa kushoto. Kebo ya spidi ilifungwa kabla ya kitu kingine chochote. Kila Jumamosi ya pili hesabu ya siku inakwenda kwa fundi, oili inamwagwa, kichujio kinafunguliwa, naye ananitumia picha mbili: namba za kilomita, na kile kijiti cha kupimia oili kikiwa kimefutwa na kuchovywa tena. Picha zisipokuja na injini ikafa, injini ni ya dereva. Zikija na injini ikafa, injini ni ya mjomba.

Picha za Jumamosi nne za mwanzo zilikuja bila kukosa. Oili kwenye kijiti ilikuwa na rangi ya chai ya rangi, na nilijikuta nikizionyesha watu kama picha za mjukuu. Jumamosi ya tano ilifika saa moja jioni simu iko kimya. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Picha iko wapi?"

"Leo sikufika kwa fundi, mjomba. Nilikuwa kwenye msiba Murgwanza tangu asubuhi."

"Na pikipiki?"

Kimya kidogo. Nyuma yake nilisikia watu wakiimba.

"Pikipiki yuko nayo deiwaka."

"Deiwaka gani?"

"Yule yule, mjomba."